Daftari la Paramaribo

Nilinunua daftari la mistari, kurasa tisini na sita,
nikajiapia kuandika kila nitakachokiona Suriname.
Mimi ni fundi cherehani: hupima kwanza, hukata baadaye.

Jumapili, lami haijapata moto,
wanaume waliingia uwanjani, kila mmoja na tundu lake,
kalishika kama mtu aliyebeba bakuli la uji hadi ukingoni.
Ndani, kindege cheusi kisicho na la kutazamwa.
Matundu mawili yakatundikwa kwenye miti, yakaelekezana,
na uwanja mzima ukaziba pumzi.
Mwamuzi, mzee Wonny, chaki ikamvunjikia.
Akageuka, akaona nina kalamu.
Akachukua kalamu. Akachukua na daftari.
Ndiyo maana ukurasa wangu wa kwanza hauna neno:
una vijiti, vitano vitano,
kila kijiti mlio mmoja wa ndege wa Ramkhelawan,
aliyeshinda kwa milio mitatu,
na bwana wake akalia mbele za watu, uso wazi.

Kila niliyemuuliza njia alinituma kwenye msikiti
uliopakana na sinagogi. Umeshakwenda? Kapige picha.
Nilikwenda. Picha haikutoka vizuri.
Ninayemkumbuka ni kijana wa kandambili, anasukuma gari bovu:
Ijumaa hulilaza kwa Wayahudi,
Jumamosi kwa Waislamu,
siku nyingine, alisema, popote litakapozimika.

Bi Ngatinem huuza supu ya kuku, yai juu,
babu zake waliletwa kutoka Java kwa meli na mkataba.
Akaniuliza natoka wapi. Nikamtajia.
Akafikiri. "Kuna pilipili huko?"
"Ipo."
"Basi ni nchi."
Akaniandikia supu yake ukurasa wa pili, kwa herufi za kuegemea,
mpaka mstari wa saba, akasita, akaacha nafasi.
Hiki siandiki, akasema. Ukikitaka, rudi.

Kisha mto. Siku nzima mtumbwi wa injini,
nahodha akiyasoma mawe chini ya maji
kama mimi nisomavyo mshono kwa kidole.
Kijijini kwa Wasaramaka, Akuba alinisalimu kwa kituo:
nimeamkaje, safari imeamkaje, niliowaacha wameamkaje,
mkalimani akabaki nyuma anahema,
nami nikaona aibu kwa "hujambo" yangu fupi.
"Umekuja kututazama," akasema. "Kaa. Tukutazame na sisi."

Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Akuba hakungoja: kisu, na rundo la muhogo.
Muhogo naujua, nikajisemea,
nikaanza kumenya kwa kuelekea kifuani.
Watoto wakaitana. Wakaja na wengine.
Yupo mmoja aliyeanguka chini kwa kicheko
na hakuona haja ya kuinuka.

Kiunoni Akuba alikuwa amefunga kitambaa cha mistari,
kimetariziwa misalaba midogo, hakuna uliopotoka.
Nilikuwa nakikodolea macho nilipohisi mkono wake
kwenye gauni langu. Akageuza pindo ndani nje.
Gauni nililojishonea usiku wa kuamkia safari,
mbio mbio, nikisema: nani atakayechungulia upande wa ndani?
Akanyonya meno.
Akaita sindano.
Nikasimama juani, mikono imejaa ganda la muhogo,
miaka kumi na tisa kwenye cherehani,
ninafumuliwa na kushonwa upya kama mwanafunzi.

Daftari lina kurasa tisini na tatu tupu.
Ukurasa wa tatu ni alama ya kidole, utomvu wa muhogo, imekauka.

Wateja huuliza: fundi, gauni buluu,
pindo lako uzi mwekundu, vipi?
Nawaambia wasimame wima, wasitikisike.
Nawapima.