Watoto Wanne

Nawaomba watoto watoke.
Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.
Wanakwenda ukumbini, makoti mkononi,
mmoja akigeuka mlangoni kama aliyesahau ufunguo,
nami nafunga mlango taratibu,
nisionekane nafunga.

Wanasema maiti haulizwi sanda.
Basi mimi ndiye mwajiriwa wa kuuliza mapema,
kwa saa, kwa risiti,
katika mji huu wa Hancock ulioachwa na shaba yake,
ambapo theluji huziba madirisha ya chini
na makao ya wazee hunuka kahawa iliyochemka mara mbili.

Eino Rautio alikuwa na miaka themanini na tisa.
Mgodi ulimnyang'anya vidole viwili na sikio la kushoto,
kwa hiyo nilikaa kulia.
Nikamuuliza yale sheria inayotaka niulize,
maswali mepesi yenye meno.
Leo ni siku gani?
"Ya sauna. Jumamosi."
Una mali gani?
Nyumba ya mbao, ekari arobaini, akiba kidogo benki,
trekta isiyowaka bila matusi.
"Na sauna. Usiihesabu ndani ya nyumba.
Nyumba niliinunua. Sauna niliijenga,
kila jiwe la mvuke ule nalijua."

Una watoto wangapi?

"Wanne."

Kalamu yangu ikasimama.
Faili lilikuwa na watatu: Lempi, Carl, Warren.
Nikamuuliza tena, upande wa sikio zima,
polepole, kama mtu anayejaribu barafu ya ziwa
kwa unyayo mmoja kabla ya kuiamini.
"Wanne," akasema.
Na katika kazi hii neno moja kama hilo
hubomoa wasia mzima:
mzee hajui idadi ya wanawe,
hakimu atatikisa kichwa,
mawakili wengine watakula vizuri.

Ningeweza kufunga mkoba.
Nikangoja; kungoja nimekusomea kuliko sheria.
Bomba la joto likagonga ukutani mara tatu.

"Veikko," akasema. "Siku mbili tu.
Machi, mwaka wa sitini na moja.
Ardhi ilikuwa chuma, walishindwa kuchimba.
Wakamweka kwenye ghala la makaburini
angoje Mei.
Mimi ni mchimbaji, bibi. Ningeweza kuchimba.
Wakaniambia nirudi nyumbani."

Sheria haina njia ya kumrithisha marehemu.
Nikamweleza hivyo, na vifungu vyake.
Akanitazama kama mtu aliyeelezwa kwamba mvua ni maji.
"Sikusema umpe. Nimesema mhesabu."

Nikaandika:
*Mimi, Eino Rautio, nina watoto wanne.*
Muuguzi na mpishi wakaja kushuhudia,
watu wasiorithi hata kijiko.
Mpishi alikuwa na unga kwenye kiwiko.
Mzee akatia sahihi kwa vidole vitatu,
herufi zikiteremka moja moja
kama zinashuka ngazi gizani.

Alikufa Oktoba, ardhi ikiwa bado laini.

Wiki ya pili Warren akapiga simu kutoka Arizona,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuongea na wakili mwingine.
"Bi. Hietala, baba hakuwa timamu.
Umesoma ulichoandika? Wanne?"
Sauna na ekari zake zilikwenda kwa Lempi,
aliyemwogesha miaka sita;
hilo ndilo lililoketi nyuma ya swali,
lakini hakulitaja, nami sikulitaja.

Warren alizaliwa sitini na tatu.
Kumbe nyumba nzima ilimlea pembeni ya jina
na hakuna aliyelitamka mezani.

Nilikuwa na majibu ya kisheria, kurasa nne, yamepigwa chapa.
Sikuyasoma.
Nilimsomea nilichokwenda kukitafuta mwenyewe mwezi Mei,
viatu vikizama kwenye matope:
makaburi ya kilimani, safu ya saba, namba kumi na nne,
jiwe dogo, ukubwa wa mkate.

Kimya.
Kisha nikasikia, huko jangwani,
droo inafunguliwa, nyingine inafunguliwa,
mtu mzima anatafuta kalamu.

"Rudia," akasema. "Safu ya ngapi?"