Mdeki

Usikate kwa msumeno, alisema Ziegenfuss.
Pasua. Nyuzi za mti ndizo zikuongoze.

Theluji ilikuwa imeziba mlango wa karakana,
Pennsylvania, mwezi wa pili,
nami nachonga ufito wa tatu:
wa kwanza ulikwama
kwenye pete ya pili chini ya mtutu,
wa pili ukacheza kama jino la mtoto.

Huu nikaupaka nta, nikausukuma.
Ukaingia ukinung'unika, kisha kimya,
ncha sawia na mdomo wa gumegume.

"Na ukivunjika mtu akishindilia?"

Akavua glavu ya kulia.
Katikati ya kiganja, kovu la mviringo,
na upande wa pili, pacha wake.

"Ule ulikuwa wa msumeno," akasema.
"Kulungu alisimama karibu mno."