Mwenye Nyumba

Jumapili ya mvua Mchungaji Malogo alihubiri
habari za yule mwenye kupooza:
watu wanne, kamba, paa lililotobolewa.
Wote wakasema amina alipoinuka na mkeka wake.
Mimi nilibaki kule juu, kwenye tundu.

Maana paa lile nalijua.
Nyumba ya bibi hapa Mvumi ilikuwa tembe,
udongo juu ya fito, fito juu ya mihimili,
na kila kiangazi tulipanda kuziba nyufa
kwa udongo wa kichuguu na samadi,
bibi chini akituelekeza kwa fimbo.
Paa kama hilo ukilitoboa
halizibwi kwa amina.

Mwenye nyumba alisema nini?

Punda wangu aliitwa Karani.
Usiku wa degedege la mtoto Ndahani hakubisha hodi.
Alimfungua, akamfunga kwenye mkokoteni,
akamchapa gizani hadi hospitali.
Alfajiri mtoto anapumua.
Karani yuko korongoni, mguu umevunjika mara mbili,
nzi wamekwisha kumjua.

Kanisani walishukuru kwa uponyaji.
Nami nilipiga makofi, ya vidole viwili.
Ndahani akaniletea mbuzi;
nikamrudisha na kamba yake.

Miaka mitatu nimebeba maji kichwani
na Ndahani kifuani.
Ndoo niliitua kila nilipofika mlangoni.

Leo nimeiweka chini njiani, shingo imegoma.
Sechelela akapita, mtoto yule yule,
sare imemfupikia, pengo mbele.
"Mbukwenyi, mama," akasema,
na bila kungoja jibu akashika mpini upande wa pili.
Tulipanda mlima tukimwagia maji miguu yetu.
Nikawa namsikiliza anavyohema,
pumzi ile ile, Bwana,
uliyoirudisha kwa miguu ya punda wangu.

Kumbe ulipita kwangu.
Hata Wewe hukubisha hodi.

Sijui kama nimesamehe.
Kifua hakijawa chepesi kama wanavyoshuhudia wengine,
na Karani bado namwota, masikio yakipunga nzi.
Nimemwambia tu mtoto:
kamwambie baba yako, yule mbuzi,
kama hajamuuza, amlete.
Na aje na sepetu.
Paa la jiko langu linavuja.