Mvungu

Eloy ametandaza kitabu cha bei juu ya boneti,
kidole chake chenye grisi kinashuka safu ya inchi:
mbili na nusu, nne, sita.
"Chagua," anasema. "Mimi ni mikono tu."

Ni Jumamosi, Montrose, Kolorado.
Theluji ya Aprili inadondoka matone kutoka paa la gereji,
na Toyota langu la mwaka tisini na saba
limesimama katikati kama mtoto dukani
anayepimwa sare kubwa kuliko mwili wake,
eti atakua nayo.
Gari halikui.
Hilo nalijua. Bado macho yangu yako kwenye sita.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nililishwa methali hiyo pamoja na uji, kule Same.
Basi mimi nimechoka kuinama.
Mwaka huu nataka mvungu wenyewe uinuke.

Maana Oktoba, kwenye njia ya machimbo yaliyokufa,
jiwe moja, si kubwa, kiasi cha kondoo aliyelala,
lilikwangua difu tangu mwanzo hadi mwisho,
sauti ya mwiko kwenye sufuria yenye ukoko.
Nakijwa hakusema neno kwa maili kumi na moja.
Kisha akasema: "Babu yangu angelizunguka."

Eloy anahesabu kwa vidole vyeusi.
Ukipanda sita, propela shafti itakaa upande, italia.
Mipira ya breki itakuwa mifupi.
Matairi ya thelathini na tano yatakula madigadi kila ukikata kona,
la akiba halitaingia mahali pake,
upepo wa bondeni utakusukuma kama kabati lenye magurudumu.
"Na spidomita," anasema, akifuta mikono,
"itakuwa mwongo. Itakuambia hamsini,
kumbe unakwenda hamsini na sita."

Hapo nanyamaza.
Miaka kumi na minne nimo katika nchi hii
nikisoma mshale, nikidhani naenda taratibu.
Kifungua mimba wangu amenipita bega.

Nje, vijana wawili wanashuka kwa ngazi
kutoka gari refu, jekundu, lililong'arishwa.
Matope hawajayaona ila kwenye viatu vya baba zao.
Nawaonea wivu. Niseme kweli: sana.

Nakijwa anaingia, tepu ya cherehani shingoni,
ametoka kazini, pini bado zimo ukosini.
Kitabu hakitazami.
Anasimama kando ya mlango wa gari, anainua mguu,
gauni linapanda hadi linapotaka kupanda,
anapima kutoka sakafuni hadi kwenye unyayo.
"Inchi ishirini na mbili," anamwambia Eloy, si mimi.
"Hapo nafika bila kumwomba mtu mkono."

Eloy anaandika. Mbili na nusu.
Matairi ya thelathini na tatu,
mapya, bado yana vinyweleo vya mpira
kama kidevu cha mvulana wa darasa la saba.

Spidomita inadanganya, kidogo.
Ikisema arobaini na tano, Nakijwa anasema, "Ongeza tatu."
Uongo tunaoujua sote wawili;
ndoa yetu imebeba mizigo kuliko huo.

Juni tunarudi kwenye lile jiwe.
Lipo, na mstari wetu wa chuma mgongoni mwake.
Napunguza gia, nabana pumzi,
nasubiri mwiko.

Kimya.

Nazima injini papo hapo, jiwe likiwa chini yetu.
Nashuka, siamini.
Najilaza kwenye kokoto zenye maji,
shavu ardhini, nione limebakiza nafasi gani.
Ngumi moja. Ngumi na kidole gumba.

Juu yangu dirisha linashushwa.
"Wewe," anasema, "si ulisema umechoka kuinama?"