Utepe wa Rangi Tatu

Nina utepe mfukoni, mwembamba kama kamba ya kiatu:
kijani, manjano, nyekundu.
Kwa huo napima mikono ya watoto wa Kadutu
tangu mvua ile iliyobeba choo cha kina Zihalirwa.

Huku mteremkoni nyumba zimekaliana mabegani,
bati la huyu ni kizingiti cha yule.
Mtoto akikohoa kwa Nsimire
dawa inaulizwa kwa M'Cirhuza
kabla kikohozi hakijaisha.
Nikifika, mtu ananipokea mizani:
"Reko, usimpite Ashuza wa kule chini,
mama yake yuko Nyawera na sambaza zake,
jana sisi ndio tumemlisha."

Sisi. Neno hilo halimo kwenye fomu.
Fomu inauliza maji, choo, baba.
Naandika hakuna, hakuna, hayupo,
na mkono wa Ashuza unagoma kutoka kwenye kijani.

Sisemi umaskini ni mtamu.
Nimebeba wengine mgongoni ngazi hizi hadi zahanati,
mia mbili na kumi na moja,
na mara moja nilifika juu
nikakosa wa kumshusha.

Na hiyo sisi ina komeo lake.
Familia iliyotoka Bunyakiri na godoro moja
ilikaa miezi mitatu nje ya daftari la shefu wa avenyu.
Bila jina hakuna jetoni,
bila jetoni hakuna chandarua.
"Hao si wa hapa," alisema Nsimire,
huyu huyu Nsimire,
mkono ukiwa ndani ya sombe.

Jumatano wakanituma Muhumba, kando ya ziwa.
"Utarudi mapema," walicheka, "watoto wa kule wanakunywa maziwa."
Nikabisha mageti sita.
Mbwa walijibu.
Kwenye la saba santineli alitazama nyuma yake,
akasema chini kwa chini:
"Pitia kwenye chumba cha jenereta."

Nabintu, miaka mitatu, mtoto wa mfuaji.
Nywele rangi ya ndevu za mahindi.
Nilibonyeza mguu wake
na kidole changu kikaacha shimo.
Utepe ukapita kijani, ukapita manjano.
Uani magari matatu yalikuwa yameoshwa,
barabara ya lami inafika hadi mlango wa hospitali.
"Majirani hawakujua?"
Santineli akatazama ukuta, vipande vya chupa juu yake.
"Majirani gani?"

Jioni nilipanda Kadutu nikiwa mzito.
Nikamsimulia Nsimire, kwa sababu alikuwa mlangoni
na kwa sababu huku huwezi kupita bila kusimulia.
Alichambua majani kimya, muda mrefu.
Sikutegemea kitu.
Kisha, bila kuinua macho:
"Huyo mtoto,
huko hospitali,
nani anamwogesha?"