Setilaiti Sifuri

Skrini imesema kweli: setilaiti, sifuri.
Hapa ni tumboni mwa mlima, Blaenau Ffestiniog,
mita mia na kitu chini ya nyasi na kondoo,
na mvua ya huko juu inatufikia ikiwa imechoka,
tone, kisha tone,
kwenye helmeti ya Eurwen Pritchard
anayenishikia taa bila kuuliza maswali.

Nairusha.
Nje ningeachia vidole, nayo ingetulia,
ingekaa hewani kama picha ukutani,
maana inao wenzake kumi na wawili mbinguni
wanaoiambia: uko hapa, kaa hapa.
Humu haina wa kuiambia.
Inateleza. Haina ubaya, haina hasira,
inaondoka tu, polepole,
kama mgeni aliyekwisha kuaga ila hajafika mlangoni.

Mtegemea cha nduguye...
mwisho wake mnaujua.

Basi kidole gumba cha kushoto, kimo.
Cha kulia, yote yaliyobaki.

Miaka sita nilisukuma vitanda hospitalini Wrexham,
zamu za usiku, korido ndefu inayonuka dawa ya sakafu,
na kitanda namba kumi na saba kilikuwa na gurudumu bovu:
kilivuta kushoto, siku zote kushoto.
Ukingoja kiende ndipo ukirudishe, umechelewa,
umeshambamiza mgonjwa mguu wake wenye plasta.
Unakisukuma kulia kabla hakijataka kwenda kushoto.
Unakisikiliza kwa viganja.
Hayo sikufundishwa kwenye kozi ya urubani.
Kozi ilikuwa na slaidi tisini, na biskuti.

Tumeufuata ufa. Uko huko juu, darini mwa pango,
na Eurwen anataka kujua kama umekua tangu Machi,
kama watalii wataendelea kupita au njia ifungwe.
Napandisha. Vumbi linaamka.
Mapanga yanapeleka upepo ukutani,
na ukuta unaurudisha, hautaki deni,
unaisukuma droni begani.
Kulia. Kulia kidogo. Rudi. Hapo.
Nasema nayo kama nilivyosema na wagonjwa:
tulia mama, tumekaribia, tulia.

Tukaupata ufa. Tukaupiga picha arobaini.
Ndipo kikohozi kikanibana,
kimoja tu,
kidole kikalegea,
droni ikajiendea zake gizani.
Nilipoikamata, mwanga wake ulikuwa umeangukia kitu
kisichokuwemo kwenye ramani ya Eurwen:
mnyororo.
Umetoka mwambani, mrefu, mwekundu kwa kutu,
na mwishoni kitanzi, upana wa paja.

Walijining'iniza hapo, Eurwen akasema,
paja moja kwenye chuma, kutwa nzima,
nyundo mkono huu, mtaimbo mkono huu,
na mshumaa wa kujinunulia.
Wengine waliuzima
ili ubaki wa kesho.

Akanyamaza. Kisha:
Baba yake babu yangu, paja lake lilikuwa na mfereji.
Kidole kingelala humo.

Betri, asilimia ishirini na moja.
Nikaishika droni mbele ya kile kitanzi,
bila mbingu, bila wa kuniambia iko wapi,
kwa vidole gumba viwili,
muda wa mtu kuvuta kiti akakaa.
Haikutulia. Sidhani kama kipo kitu kinachotulia.
Ilikuwa kuteleza na kurudisha, kuteleza na kurudisha,
na hilo huwezi kuliona kwenye picha.

Nje, manyunyu. Nikairusha tena kukagua dira.
Ikalia mara mbili: setilaiti kumi na nne.
Nikaachia. Ikakaa.
Kondoo mmoja akaitazama, akarudi kwenye majani yake.
Eurwen akafungua chupa ya chai.
Na ndani ya mifuko ya koti
vidole gumba vyangu vikaendelea kusukuma kulia,
kulia kidogo, rudi,
hadi tulipofika mjini.