Kisanduku cha Mia Mbili na Moja

Yasna Oyarzún hachokozi watu.
Anachokoza visanduku:
mia nne na kimoja, safu moja,
cheusi, cheupe, cheupe, cheusi,
kila kimoja kikichungulia jirani wa kushoto,
jirani wa kulia,
kisha kikaamua kitakuwa rangi gani.
Basi. Hakuna ubongo humo.
Kanuni nzima inaenea nyuma ya tiketi ya basi
la Talcahuano. Nimeiona,
imeandikwa kwa kalamu inayokatakata wino.

Tumepanga nyumba moja, yeye na mimi,
hapa Concepción, juu ya duka la betri.
Mimi huchomelea meli. Narudi nanuka chuma,
namkuta na koti lake, miguu ndani ya beseni la maji moto,
safu zinateremka kwenye skrini
kama mvua iliyofunzwa adabu.

"Ni pacha," alinieleza.
"Wa kwanza simgusi.
Wa pili namgeuzia kisanduku kimoja tu,
cha mia mbili na moja, cha katikati.
Nawaacha watembee. Kisha natoa huyu kwa yule,
natazama kilichobaki."

Mara nyingine hakibaki kitu:
kosa linamezwa hatua ya tatu,
jiwe kwenye uji.
Mara nyingine linaganda palepale, kovu jembamba,
halikui, haliponi.
Na kwenye kanuni ya tisini
linafunguka pembetatu ndani ya pembetatu
hadi ukingoni,
haidhuru safu ilianza na sura gani.

Wahenga walisema tuzibe ufa.
Yasna anauliza: upi?

Jumanne usiku ardhi ilitikisika.
Kidogo. Kwetu mtu hainuki mezani
kwa tetemeko la kiasi kile.
Kijiko kililia kikombeni, taa ikayumba,
Bi Edelmira wa ng'ambo ya ua akamtukana mbwa wake.
Yasna aliishika kompyuta kwa mikono miwili
kama anayemzuia mtoto asiamke.

Ndipo akasema, bila kunitazama,
kwamba Nibaldo, kaka yake, alipiga simu mwezi Julai
naye alikuwa anahesabu hatua.
Akaiacha iite.
Wiki ile Nibaldo akaenda kaskazini, migodini,
na hajapiga tena.
"Labda alitaka kuazima pesa.
Labda hakuwa na neno.
Safu ile ninayo moja tu,
sina pacha wake wa kutoa."

Sikuwa na jibu. Mimi najua kuunga chuma na chuma.
Nilichemsha maji, nikaongeza kwenye beseni.

Asubuhi daftari lilikuwa wazi mezani:
kanuni, hatua, tarehe,
na pembeni, kwa herufi ndogo,
*tetemeko, saa nne na dakika saba usiku,
halikuathiri matokeo.*
Chini yake namba ya simu ya kaskazini,
imekatwa,
imeandikwa tena,
tarakimu ya mwisho imekolezwa mpaka karatasi imetoboka.